NAFASI TUPU ISITUNYIME MSHAHARA



Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo halijapata kuwekwa katika ajenda ya mikutano yetu, kwa sababu halionekani kwa macho. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tumeonja jino lake.

Tuanze na kisa. Mwisho wa mwezi mmoja, mama mmoja mwenzetu anayepalilia miwa katika shamba fulani upande wa Kenya alikwenda ofisini kuulizia mshahara wake. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kupokea pesa zao kwenye simu. Zake hazikuingia. Karani akafungua kompyuta, akamwambia, "Mama, jina lako halilingani." Mama akatoa kitambulisho. Karani akasoma jina kwenye kitambulisho, akasoma na jina kwenye kioo cha kompyuta. Yalikuwa sawa, herufi kwa herufi. "Hata mimi naona ni sawa," karani akasema, "lakini mashini imekataa." Mama akaambiwa arudi kesho. Kesho akaambiwa Jumatatu. Alipoteza siku tatu za kazi na nauli ya boda-boda kwenda na kurudi, na mwenye duka akakataa kumkopesha unga mpaka alipe deni la mwezi uliopita.

Mwakilishi wetu alipokataa kuondoka pale ofisini, kijana mmoja wa hesabu aliitwa. Kijana huyo hakusoma jina. Aliiamuru mashini ilihesabu. Tuseme jina lenyewe lilikuwa Wandera, ingawa silo. Wandera ni jina la herufi 7. Mashini ikajibu 8. Ya nane ilikuwa wapi? Ilikuwa nyuma ya ile "a" ya mwisho: nafasi tupu, isiyo na wino, iliyokaa mahali ambapo hakuna kinachofuata cha kuionyesha. Kijana akaifuta kwa kubonyeza mara moja. Jioni ile ile mama akapata mshahara wake.

Ndugu zetu, siku tatu za mfanyakazi zilikwenda bure kwa sababu ya nafasi tupu moja. Tulipouliza matawi mengine tuligundua kwamba mama huyu hakuwa peke yake. Ndiyo maana tumeona inafaa jambo hili lielezwe wazi, ili siku nyingine karani akisema "mashini imekataa" tujue la kuuliza.

MASHINI HAISOMI, INAHESABU

Jambo la kwanza kulielewa ni hili: kompyuta haijui herufi hata moja. Inajua nambari tu. Kila herufi tunayoipiga imepewa nambari yake, na nambari hiyo ndiyo inayowekwa ndani. Herufi kubwa A ni 65. Herufi ndogo a ni 97. Kwa hivyo jina Wandera ndani ya mashini ni 87, 97, 110, 100, 101, 114, 97. Nambari saba, basi.

Sasa, ile nafasi tunayoiweka kati ya neno na neno, ambayo mwalimu alitufundisha shuleni kuipima kwa kidole, nayo ina nambari. Ni 32. Kwetu sisi nafasi ni mahali pasipoandikwa kitu. Kwa mashini nafasi ni kitu kama kitu kingine chochote. Inakaa mahali pake, inahesabiwa, inatunzwa, inatumwa. Ukiiweka nyuma ya Wandera umepata nambari nane, na orodha yenye nambari nane haiwi sawa na orodha yenye nambari saba. Mtu mwenye akili akiziona atasema ni jina lile lile. Mashini haina akili hiyo mpaka mtu aipe.

Mpango huu wa nambari ulitolewa Marekani mwaka 1963, nao huitwa ASCII. Ulikuwa na nambari 128, kuanzia 0 mpaka 127. Hebu sikilizeni: katika hizo 128, nambari 34 haziachi wino wowote. Moja ni nafasi, na 33 ni amri kwa mashini. Zaidi ya robo ya alama zote hazionekani! Hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Ziliwekwa kwa sababu kazi ya maandishi tangu zamani ina sehemu inayoonekana na sehemu isiyoonekana.

WAZEE WETU WALIJUA

Wazee waliofanya kazi katika reli wangelielewa jambo hili upesi kuliko sisi. Reli yetu, iliyofika Kampala mwaka 1931 ikipitia Tororo, haikuwa na maana bila nyaya za telegrafu kando yake. Karani wa stesheni alipiga nukta na mistari ya Morse, na mwenzake wa stesheni ya mbele akasikiliza. Lakini hakusikiliza milio tu. Alisikiliza na kimya. Kimya cha urefu wa nukta tatu kilimwambia herufi imekwisha. Kimya cha nukta saba kilimwambia neno limekwisha. Karani asiyejua kupima kimya aliwachanganyia watu maneno, na katika kazi ya reli maneno yakichanganyika watu hufa.

Tena wako wanaokumbuka kutuma simu ya maandishi posta. Ililipiwa kwa neno. Mtu mwenye shida na shilingi chache aliyabana maneno, akayaunganisha mawili kuwa moja akiweza, maana kila nafasi ilizaa neno jipya la kulipiwa.

Baadaye ikaja teleprinta, mashini iliyopokea maneno kwa waya na kuyachapa yenyewe. Waliopata kutumia tapureta wanakumbuka mkono ule wa chuma: mstari ukiisha unausukuma, karatasi inapanda mstari mmoja na gari linarudi mwanzo. Teleprinta haikuwa na mtu wa kuusukuma. Ilibidi iamriwe kwa waya: rudisha gari, pandisha karatasi. Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, alizitia amri hizo mbili katika alfabeti yake ya teleprinta mwanzoni mwa karne ya 20. Zilirithiwa na ASCII, ya kurudisha gari ikawa 13, ya kupandisha karatasi ikawa 10, na mpaka leo ziko ndani ya kompyuta ambazo hazina gari wala karatasi. Kompyuta za aina moja hufunga mstari kwa amri zote mbili, za aina nyingine kwa amri ya 10 peke yake. Orodha ikihama kutoka aina hii kwenda aina ile, ile 13 iliyobaki inaweza kung'ang'ania nyuma ya neno la mwisho la kila mstari. Hata hapo jicho halioni kitu.

Na iko nyingine ya kuchekesha kidogo. Zamani maneno yalihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Karani akikosea angefanyaje? Tundu halizibiki. Basi alirudi nyuma akatoboa matundu yote saba ya herufi ile mbaya, na mashini ilifundishwa kwamba ikiona matundu yote saba ipite bila kuchapa. Matundu yote saba ni nambari 127. Hiyo ndiyo alama ya kufuta. Kosa halikuondolewa, lilifunikwa kwa matundu mpaka likawa kimya.

TUPU ZIMEKUWA NYINGI

Kama ingekuwa nafasi ile ya 32 peke yake, tusingeandika makala hii. Lakini nambari 128 hazikutosha dunia nzima. Wachina, Waarabu, Wahabeshi, Wahindi, kila watu walikuwa na herufi zao. Ukatungwa mpango mmoja wa herufi zote za dunia, unaoitwa Unicode, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1991. Jambo hilo ni jema na tunaliunga mkono. Lakini pamoja na herufi za dunia zikaingia na tupu za dunia.

Iko nafasi ya 160. Ukiitazama ni sawasawa na ile ya 32, tofauti yake ni kwamba haikubali mstari ukatike mahali pake. Huwekwa kwa mfano kati ya "Sh" na "500", ili shilingi zisibaki mstari wa juu na mia tano ikaanguka mstari wa chini. Iko nafasi ya 8203, ambayo haina upana kabisa. Kazi yake ni kuonyesha mahali neno refu linapoweza kukatwa mstari ukijaa. Iko 65279, ambayo programu nyingine huiweka mwanzo kabisa wa faili, na ikisomwa vibaya hushikamana na neno la kwanza la orodha. Na iko ile ya zamani ya 9, ya kuruka hadi safu inayofuata, ambayo hutoka kwenye majedwali.

Zinaingiaje katika majina yetu? Kwa njia za kawaida kabisa. Simu ya mkononi ikikukamilishia neno, mara nyingi huongeza nafasi nyuma yake bila kukuuliza. Karani akinakili majina kutoka katika intaneti au barua ya kompyuta, nafasi za 160 humfuata kama mbigili. Karani wa pili akinakili kutoka kwa wa kwanza, anarithi. Hakuna mwenye nia mbaya, lakini mwisho wa mwezi kuna mtu hana unga.

Tena kuna mtego. Katika Excel, programu inayotumiwa na ofisi nyingi, iko amri ya kusafisha nafasi za pembeni, inaitwa TRIM. Karani hodari huitumia, kisha husema kwa moyo safi, "Tumekwisha safisha." Lakini amri hiyo huondoa nafasi za 32 tu. Ile ya 160 huiacha ilipo. Kwa hivyo mfanyakazi ataambiwa orodha imesafishwa, na jina lake bado litakataliwa. Hapo ndipo huanza kushukiwa kwamba ana vitambulisho viwili.

RITIFAA ILIYOTUTOZA MARA TATU

Msifikiri tunawasema waajiri peke yao. Chama chetu pia kimelipa.

Tawi letu moja liliwatumia wanachama 400 ujumbe wa simu kuwaita mkutanoni, wakiwemo "wenzetu wa ng'ambo", yaani waliolala upande wa pili wa mpaka. Ujumbe ulikuwa na alama 150, nafasi zikiwemo. Tulijua kwamba ujumbe mmoja wa simu huchukua alama 160, kwa hivyo mweka hazina akatenga pesa za ujumbe 400. Bili ilipokuja ilikuwa ya ujumbe 1,200. Watu wakaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho la pembeni.

Mweka hazina hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika neno "ng'ambo". Ile ritifaa, alama ya juu kati ya ng' na a, ina zaidi ya nambari moja. Ya tapureta, iliyonyooka, ni 39. Ile iliyopinda kama mkia, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze, ni 8217. Katibu alikuwa ameandika ujumbe katika programu ya barua, kisha akaunakili.

Ujumbe wa simu una nafasi ya bayti 140 tu. Herufi zikiwa zile za kawaida, kila moja hubanwa katika biti saba na zinaenea 160. Kiswahili chote kinaenea humo, na ritifaa iliyonyooka imo. Lakini ikitokea alama moja tu isiyomo katika orodha fupi ya simu, ujumbe wote hubadilishwa, kila herufi ikapewa biti 16, na zinaenea 70 tu. Ukizidi 70 hukatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu kila kipande lazima kibebe maelezo yasiyoonekana ya kukiunganisha na wenzake. Alama 150 zikagawanywa kwa 67: vipande vitatu. Kila mwanachama alipokea ujumbe mmoja, na chama kikalipia mitatu. Nafasi ya 160 au ya 8203 ingefanya vile vile, na hapo hata ritifaa ya kulaumu isingeonekana.

Kuanzia siku ile katibu huandika ujumbe upya kwa mkono wake kwenye mashini ya kutumia, hanakili.

SISI WA MPAKANI TUNAUMIA ZAIDI

Mtu wa Nairobi au Kampala anaweza kusoma haya akacheka. Mtu wa Busia hacheki. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na tangu wakati huo Wasamia na Wateso wana ndugu pande mbili. Kaka yuko mashambani Busia ya Kenya, dada yuko kiwandani Tororo, mama yuko nyumbani katikati. Tangu mwaka 2014 Wakenya na Waganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia. Yote hayo ni mema.

Lakini maana yake ni kwamba jina la mtu wa mpakani huandikwa mara nyingi kuliko la mtu mwingine. Linaandikwa kwenye kitambulisho, kwenye laini ya simu ya Kenya na laini ya Uganda, kwa mwajiri, kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, hospitalini, na katika chama. Kila linapopigwa upya ni nafasi nyingine ya kuingia tupu. Na kwa kuwa sisi tuna majina ya ng', kama Ong'ayo, kila linapopigwa ni nafasi nyingine ya 39 kuwa 8217, au karani kuamua kuiacha ritifaa kabisa. Kijana anayeondoka shamba moja akiwa na miaka 20 hatajua kwamba michango yake imeandikwa chini ya majina mawili mpaka atakapokuwa na 60, siku ya kudai akiba yake. Wakati huo karani aliyebonyeza atakuwa wapi?

TUSIZIONEE TUPU

Hapa tunapenda kusahihisha jambo. Wako wanachama waliosema dawa ni kuzipiga marufuku alama zote zisizoonekana. La hasha. Nafasi ikiondolewa, maandishiyatakuwahivi, wala hakuna atakayeyasoma. Waajemi katika kuandika lugha yao wanaihitaji alama ya 8204, isiyo na upana, kuzitenga herufi ambazo vinginevyo zingeshikana na kuharibu neno. Wenye kuandika kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili wa pwani walivyoandika tenzi zao, wakichanganya na herufi za Kizungu katika mstari mmoja huweza kuhitaji alama fiche za kuonyesha maandishi yanaelekea kulia au kushoto. Hata ile picha ya familia mnayotumiana kwenye simu, baba na mama na watoto, ndani yake ni picha za watu mbalimbali zilizofungwa pamoja kwa alama ya 8205 isiyoonekana.

Vile vile, katika kusafisha majina isije ikatupwa ritifaa yetu. Ng'oa si sawa na ngoa. Ya kwanza ni kutoa mti na mizizi yake, ya pili ni tamaa ya moyoni. Jina la mtu lina sauti yake, na mfanyakazi hakuja kazini kubadilishiwa jina. Tunachotaka ni ritifaa moja kwa orodha zote, si kuifuta.

Jambo jingine la tahadhari, na wawakilishi wetu walisikilize vizuri. Kwa kuwa tupu hazionekani, mtu anaweza kuzitumia kama alama ya siri. Barua moja ya ofisi inaweza kutumwa kwa watu kumi, kila nakala ikiwa na nafasi fiche mahali tofauti. Maneno ni yale yale. Lakini mmoja akiinakili na kuipeleka kwingine, mwenye barua akihesabu nafasi atajua nakala imetoka kwa nani. Hatusemi mwajiri fulani amefanya hivyo. Tunasema inawezekana, na ni rahisi. Kwa hivyo barua inayowahusu wafanyakazi na inayoruhusiwa kuonyeshwa, iandikwe upya kwa mkono kabla ya kusambazwa, maana vidole vyako haviwezi kunakili usichokiona.

"HAYO NI YA MAFUNDI"

Tunajua waajiri watajibu nini. Watasema hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta, chama kishughulikie mishahara. Sisi tunauliza: mizani je? Mizani pia ina fundi wake. Hata hivyo mchumaji wa majani ya chai anasimama mbele ya mizani na kutazama mshale, na mkata miwa anataka kujua gari lake limepimwa tani ngapi. Hakuna anayewaambia kwamba chuma cha mizani ni mambo ya mafundi. Kinachopima jasho la mfanyakazi ni lazima mfanyakazi aweze kukikagua. Leo kompyuta ndiyo mizani ya malipo. Inapolinganisha orodha mbili na kusema "huyu si yule", imepima mtu, na mtu huyo ana haki ya kuuona mshale.

Na tusiwalaumu makarani. Karani ni mfanyakazi kama sisi, mara nyingi ni mwanachama mwenzetu, na naye hakuambiwa kwamba kuna nafasi za aina nyingi. Aliyenunua programu na kuamua kwamba jina likitofautiana kwa alama moja mtu asilipwe, huyo ndiye wa kujibu. Mashini haikatai mtu. Mtu aliiagiza ikatae.

TUNATAKA NINI

Kwa hivyo tunapendekeza kwamba katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, kila tawi lidai haya:

1. Kabla ya orodha kulinganishwa, majina yasafishwe na mashini kwa pande zote mbili: nafasi za pembeni ziondolewe, za 160 ziwe 32, za 8203 na 65279 zitolewe katika majina, na ritifaa zote ziwe za aina moja.

2. Mfanyakazi atambuliwe kwa nambari yake ya kazi na ya kitambulisho kwanza. Tofauti ya alama moja katika jina isitoshe kumnyima malipo.

3. Jina likikataliwa, mfanyakazi alipwe siku ile ile kwa njia nyingine, na uchunguzi ufanywe baadaye. Haifai mtu alale njaa akingoja herufi zihesabiwe.

4. Karani aonyeshe sababu: majina yote mawili kwa pamoja, na hesabu ya alama za kila moja. Neno "mashini imekataa" lisikubaliwe kuwa sababu.

5. Muda utakaopotea kwa makosa ya orodha uhesabiwe kuwa muda wa kazi.

Madai haya hayana anasa. Tena sheria iko nyuma yetu. Kenya na Uganda zote mbili zilitunga sheria za kulinda data za watu mwaka 2019, na sheria hizo zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zisahihishwe. Jina lenye nafasi isiyo yake ni taarifa isiyo sahihi. Mwanachama aandike barua, tawi litie mhuri, na nakala ihifadhiwe.

Na wewe mwanachama, usingoje mkataba. Leo hii nenda ukaulize jina lako limeandikwaje katika orodha ya mishahara na katika akiba ya uzeeni. Hesabu herufi za jina lako, pamoja na nafasi kati ya jina la kwanza na la pili, uandike idadi hiyo mahali. Ukiambiwa hulingani, mwambie karani kwa adabu, "Tafadhali iulize mashini urefu wa jina langu." Katika Excel amri hiyo ni LEN, nayo haichukui hata dakika moja. Idadi ya mashini ikizidi yako, umemwona mwizi. Zikiwa sawa, tazameni ritifaa.

Yule mama wa shamba la miwa sasa anajua idadi ya herufi za jina lake kama anavyojua idadi ya watoto wake. Mwezi uliofuata alisimama ofisini na jirani yake aliyekataliwa, akamwambia karani ahesabu. Karani akahesabu, akakuta nafasi, akafuta. Haikuchukua siku tatu, na jirani akarudi shambani kabla ya saa nne.

Umoja ni nguvu.